Magoti Yaliyolegea: Sindano za Kichina, Mitishamba na Deni la Ukweli



Leo naomba mnivumilie, kwa maana nitaanza na maungamo kabla ya kufika kwenye mafundisho.

Miezi kadhaa iliyopita, baada ya Misa ya kwanza ya Dominika, kijana mmoja wa parokia yetu alinisubiri karibu na mlango wa sakristia. Kijana huyu ni mpagazi wa mlimani, mmoja wa wale wanaoitana wenyewe kwa wenyewe "wagumu". Alinieleza kwamba goti lake la kulia lilikuwa limelegea tangu siku alipoteleza akiteremka na mzigo, na kwamba kila anapogeuka ghafla goti "linamwacha", kana kwamba si lake. Alikuwa ameanza kwenda mjini kwa mtaalamu mmoja anayechoma sindano za Kichina na kutoa unga wa mitishamba wa kuchanganya na uji. Ili kulipia tiba hiyo alikuwa ameuza ndama. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: "Padre, je, ni dhambi?"

Nilikuwa na haraka. Wachumba waliokuja kuandikisha ndoa walikuwa wakinisubiri ofisini. Nikamjibu kwa sentensi moja: "Si dhambi, mwanangu, nenda ukatibiwe." Akafurahi, akainama kupokea baraka, akaondoka. Baada ya majuma machache maumivu yalipungua sana, naye akajihesabu kuwa amepona, akarudi mlimani. Siku ya mwisho ya safari, akiteremka kutoka Barafu kuelekea Mweka, goti likamwacha tena. Alianguka pamoja na mzigo wake kwenye mizizi yenye utelezi, na wenzake wakambeba hadi getini. Hospitalini aliambiwa kwamba kano moja kubwa ya goti ilikuwa imekatika tangu ajali ile ya kwanza, na kwamba sasa hata gegedu la ndani lilikuwa limechanika.

Jibu langu juu ya dhambi lilikuwa sahihi. Hata hivyo kijana yule alikuwa na maswali mawili ndani ya swali moja: je, ni halali, na je, nitapona? Mimi nikajibu la kwanza, nikanyamaza juu ya la pili, naye akauchukua ukimya wangu kuwa ni ndiyo. Nilipokwenda kumwona nyumbani kwao, mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Baba Paroko, mtoto alikuja kwako na goti, wewe ukatazama roho tu."

Kwa sababu hiyo naandika leo. Najua kwamba katika parokia zetu za mlimani na za mjini wapo wengi wenye magoti, vifundo na mabega ya namna hii, na wengi wanaulizana swali lile lile pembeni, bila kumwuliza mtu yeyote.

Kiungo kilicholegea ni nini?

Neno letu "kano" hutumika kwa kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, na pia kwa zile zinazofunga mfupa na mfupa. Ninazozungumzia leo ni hizi za pili. Goti lina kano kuu nne: mbili za pembeni, moja kila upande, na mbili zinazopishana katikati ya kiungo kama msalaba. Kifundo cha mguu nacho kina kano zake, na zile za upande wa nje ndizo huumia mara nyingi mtu anapokanyaga vibaya. Kano huzuia mifupa isiteleze kupita mipaka yake. Zaidi ya hayo, ndani yake mna neva zinazoujulisha ubongo mguu umekaaje, hata usiku gizani, hata macho yanapotazama kwingine. Ndiyo maana mtu aliyeumia kano hulalamika juu ya maumivu, na hulalamika pia kwamba mguu wake "hauaminiki".

Kulegea huko hakutokani na chanzo kimoja. Wapo waliozaliwa na kano laini kuliko kawaida: mtoto anaweza kukunja kidole gumba hadi kigusane na mkono, au kuweka viganja chini bila kukunja magoti, na wenzake wakamshangilia. Wengi wa hao hawapati shida yoyote, lakini wachache huumia viungo mara kwa mara. Wapo akina mama ambao, wakati wa ujauzito, homoni huzilegeza kano za nyonga ili kuandaa njia ya mtoto, na maumivu yakabaki baada ya kujifungua. Wapo walioumia kwa ajali ya bodaboda, kwa mpira wa miguu, kwa kuanguka na mkungu wa ndizi au mzigo wa majani ya ng'ombe kwenye njia ya kihambani wakati wa masika. Na wapo wapagazi wetu. Tufikirie kidogo: kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka mtu huteremka takriban mita 3,000, na kila hatua ya kuteremka na mzigo, ni goti linaloshika breki.

Zaidi ya hayo, si kila mguu usio imara ni mguu wa kano. Katika maeneo kadhaa ya Arusha na Kilimanjaro maji yana madini mengi ya floraidi, na magadi tunayopikia yanaweza kuyaongeza. Meno huwa ya kahawia, na watoto wengine hupinda miguu. Mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano mwaka mzima, au akapakwa majani ya kila aina, mguu wake hautanyooka ilhali anaendelea kunywa maji yale yale. Kwa hiyo jambo la kwanza katika kila tiba ni kujua ugonjwa wenyewe. Yoshua bin Sira, katika sura ile ya 38 inayomsifu tabibu, anasema kwamba hata matabibu nao humwomba Mungu awajalie kuutambua ugonjwa. Kutambua ugonjwa ni jambo zito kiasi cha kuombewa sala.

Mikono ya wazee wetu

Nisieleweke vibaya. Sina nia ya kuwadharau waganga wa asili. Kabla ya hospitali kufika kwenye miteremko hii, walikuwapo wazee waliojua kurudisha bega lililoteguka, kufunga mfupa kwa fito na vitambaa, na kumkanda mgonjwa kwa mafuta. Wengi walifanya hivyo kwa ujira mdogo au bila ujira, na mgonjwa alibaki miongoni mwa ndugu zake. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Kilema mwaka 1890 hawakukuta watu wasio na maarifa yoyote ya mwili.

Nchi yetu pia imeitambua tiba hiyo kisheria. Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Pale Muhimbili ipo taasisi nzima inayochunguza dawa za asili. Kwa hiyo Mkristo anayeuliza "je, umesajiliwa?" hamtukani mganga. Anatumia haki aliyopewa na sheria.

Historia ya Kanisa inatufundisha unyenyekevu huo huo. Gome la mti wa Peru lililotibu homa lilipelekwa Roma katika karne ya 17 na Mapadre Wajesuiti, na kwa muda mrefu Ulaya iliita dawa hiyo unga wa Wajesuiti. Maarifa ya asili ni ya watu wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa walitenga kutoka gome hilo kwinini, ambayo babu zetu waliijua kwa uchungu wake. Vivyo hivyo dawa ya mseto ya malaria tunayopewa leo ina asili yake katika pakanga ya Kichina, na mwanasayansi Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mitishamba hiyo iliheshimiwa kweli pale ilipopimwa, ikajulikana kiasi chake, ikajulikana inatibu nini na haitibu nini. Mtu anayesema kwamba jani lake linatibu magonjwa arobaini, na hataki lipimwe, analinyima heshima jani lenyewe.

Sindano za Kichina zinaweza nini?

Tiba ya sindano, ambayo wengi huiita akupancha, ina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili nchini China. Kwetu si ngeni sana: timu za madaktari wa China zilianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na baadaye zikafunguliwa kliniki binafsi katika miji yetu. Sindano zake ni nyembamba mno na hazina dawa ndani. Mtaalamu huzichoma katika sehemu maalumu za mwili, akaziacha kwa muda, kisha akazitoa. Mafundisho ya kale ya Kichina husema kwamba zinaweka sawa nguvu ya uhai inayopita katika njia za mwili. Wachunguzi wa leo husema kwamba zinaamsha neva na kuufanya mwili utoe kemikali zake za kutuliza maumivu.

Je, zinafanya kazi? Hapa ndipo nilipopaswa kumwambia ukweli yule kijana. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya tafiti 39 zilizounganishwa, zenye wagonjwa karibu 21,000 wa maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, kichwa na goti lililosagika. Ilionekana kwamba sindano halisi zilipunguza maumivu kuliko sindano za kuigiza, ila tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa ndogo. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliwashauri matabibu wasitumie sindano hizo kwa viungo vilivyosagika, ikiona kwamba faida yake haitoshi. Wataalamu wenyewe, basi, bado wanabishana juu ya maumivu.

Lakini juu ya kano iliyokatika hakuna ubishi wa namna hiyo. Sindano haiungi kano iliyokatika, wala haikazi kano iliyolegea. Inaweza kumpa mtu nafuu, na nafuu ni zawadi. Mtu aliyeshindwa kulala usiku kwa maumivu asichekwe akitafuta usingizi. Hata hivyo maumivu ni mlinzi wa nyumba. Ukimlaza mlinzi usingizi bila kufunga mlango, mwizi huingia kwa urahisi zaidi. Kijana wetu alirudi mlimani kwa sababu mlinzi alikuwa amelala, na mlango ulikuwa wazi.

Nitaongeza tahadhari mbili. Sindano iliyotumika kwa mtu mmoja isitumike kwa mwingine kamwe, kwa kuwa homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita njia hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuona pakiti mpya ikifunguliwa mbele yake. Na sindano ya kifuani au mgongoni juu, ikichomwa na asiyejua, inaweza kutoboa pafu.

Na mitishamba je?

Baadhi ya mitishamba ina faida kwa maumivu ya viungo. Tunao mfano ndani ya kanisa letu wenyewe. Ubani tunaoufukiza altareni ni utomvu wa mti, na mti wa India wa jamii hiyo hiyo umechunguzwa kwa watu wenye magoti yaliyosagika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliona kwamba dondoo la utomvu huo lilipunguza maumivu kwa kiasi kidogo. Hiyo ni habari njema kwa wazee. Haimaanishi kwamba mtu alambe ubani wa chetezo, wala haimaanishi kwamba kano ya kijana itaungana. Vivyo hivyo tangawizi na manjano ni vyakula vyema, lakini mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande anapaswa kumwambia daktari kabla ya kuvinywa kwa wingi.

Hatari kubwa zaidi imo katika unga usio na jina. Katika nchi nyingi imegunduliwa kwamba baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo zimechanganywa kwa siri na vidonge vikali vya hospitali, hasa steroidi na dawa za maumivu. Mgonjwa husikia nafuu ya ajabu kwa siku tatu, akashuhudia kwa majirani, kumbe tumbo, figo na mifupa yake vinaharibika polepole. Ukipewa unga, uliza ni mti gani. Anayekataa kukutajia jina la mti amekataa kukutendea kama mtu.

Hatujasahau mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwamo waamini wetu wengi, walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na simhukumu. Hakutajirika kwa shilingi mia tano. Ninachokumbuka ni wagonjwa waliotolewa wodini wakafia njiani, na wengine walioacha dawa zao za kila siku kwa sababu walikuwa wamekwisha kunywa kikombe. Kosa kubwa halikuwa mti wala kikombe. Kosa lilikuwa kuiacha tiba inayojulikana kwa ajili ya tumaini ambalo lilikuwa bado halijapimwa.

Kanisa lasemaje?

Kwanza, kutafuta tiba ni wajibu. Yoshua bin Sira anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na mwenye busara hazidharau. Anamwambia mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Katekisimu (KKK 2288) inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba tuzitunze kwa busara.

Pili, Katekisimu hiyo hiyo (KKK 2117) inapokataza uchawi na ushirikina inataja waziwazi tiba za jadi. Inasema kwamba kuzitumia hakuhalalishi kuziomba nguvu za uovu, wala kuwanyonya watu wepesi wa kuamini. Tazameni kwamba makatazo ni mawili. Sisi mapadre tumehubiri sana juu ya lile la kwanza: ramli, hirizi, chale, kuku mweusi. Juu ya lile la pili tumehubiri kidogo. Mtu anayevaa koti jeupe, asiyetaja jini wala mzimu, lakini anamwahidi maskini kwamba sindano kumi na mbili zitaunganisha kano yake, naye anajua kwamba hajui, ameanguka katika katazo hilo la pili. Na daktari wa hospitali anayempeleka mgonjwa kwenye upasuaji usiohitajika ili apate fedha, yumo humo humo.

Tatu, wapo wanaouliza kama sindano za Kichina ni ibada ya kipagani. Mwaka 2003 mabaraza mawili ya Kipapa yalitoa hati juu ya kile kinachoitwa Zama Mpya, na akupancha imetajwa humo miongoni mwa mambo yanayotangazwa pamoja na mikondo hiyo. Hati ile inatuonya juu ya mtazamo unaomfanya Mungu kuwa nguvu tu isiyo na nafsi. Kuchomwa sindano ili kupunguza maumivu, bila kusujudu wala kukiri mafundisho mengine, ni jambo jingine. Ukiambiwa kwamba uache sala zako, au uvae kitu, au uamini kwamba mtaalamu anaiongoza roho yako, ondoka. Usipoambiwa hivyo, dhamiri yako itulie.

Basi kwa kila tiba jiulizeni maswali matatu. Je, imani yangu inabaki salama? Je, nimeambiwa ukweli? Je, bei yake ni ya haki kwa nyumba yangu? Kijana wetu alijibiwa swali la kwanza tu.

Kwa nini wanakimbia hospitali?

Itakuwa dhambi nyingine kuwalaumu wagonjwa peke yao. Hapa kwetu hatuna uhaba wa majengo. Tunazo hospitali za Kanisa Kilema, Kibosho na Huruma kule Rombo, tunayo ya Mtakatifu Yosefu pale Soweto mjini, ipo Mawenzi ya serikali, na ipo KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako tangu mwaka 1981 kipo pia chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikiza miguu. Ulaya wangeiita hazina. Kwa nini basi mtu mwenye goti bovu anapita mbele ya mageti hayo na kwenda kwa mwuza unga?

Nimewauliza. Wananijibu mambo matatu. Gharama: picha za ndani ya goti na upasuaji wa kano ni fedha ambazo mkulima wa kahawa hana mkononi. Haraka: daktari ana wagonjwa wengi, anaandika, anakuita "mwingine", wakati mtaalamu wa sindano anakuuliza umelalaje na amekushika mkono nusu saa. Na jibu la tatu ndilo linalonisikitisha zaidi: wanasema hospitali "waliniambia nifanye mazoezi tu".

Ndugu zangu, hayo "mazoezi tu" ndiyo tiba. Misuli ya paja ikiimarika hubeba sehemu ya kazi ya kano, na mtu akijizoeza kusimama kwa mguu mmoja neva hujifunza upya kumlinda. Nchini Uswidi walifuatiliwa vijana 121 waliokatika kano ya kati ya goti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walioanza na mazoezi yaliyosimamiwa, wakaacha upasuaji uwe wa baadaye kwa atakayeuhitaji, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa mapema, na zaidi ya nusu yao hawakuhitaji upasuaji katika miaka miwili ile. Si kila goti liko hivyo. Daktari ndiye wa kusema lipi lahitaji kisu. Lakini tiba hii inahitaji miezi, haina harufu ya dawa, haina mtu wa kukushika mkono, na kila asubuhi inafanana na jana. Ni kama sala ya rozari kwa mtu aliyezoea miujiza.

Wajibu wa parokia

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai (Kol 2:19), anaufananisha umoja wa Kanisa na mwili unaolishwa na kushikamanishwa kwa viungo na kano, hata ukue kwa ukuaji utokao kwa Mungu. Nimelisoma neno hilo mara nyingi bila kufikiri kwamba kano huweza kukatika. Mpagazi anapouza ndama peke yake, akatibiwa peke yake, akaanguka peke yake, basi kano iliyolegea imo pia katika parokia, na mimi paroko wenu ni mmoja wa nyuzi zake.

Kwa hiyo napendekeza mambo haya, na Halmashauri ya Walei itayajadili.

Jumuiya Ndogo Ndogo zisiishie kumwombea mgonjwa na kumpelekea sukari. Mtu mmoja amsindikize hospitali, asikilize naye maelezo ya daktari, amkumbushe maswali. Wawili husikia zaidi ya mmoja.

Pale ukumbini tutamwomba mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo aje mara moja kwa mwezi. Wenye magoti wafanye mazoezi pamoja, kwa kuwa kinachochosha ukiwa peke yako huvumilika ukiwa na wenzako. WAWATA wameniahidi kwamba wao watatangulia.

Kamati ya Caritas iwasaidie wenye uhitaji kuingia katika bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini sheria haimfikii mtu asiyejua pa kujiandikisha.

Na ninyi wenye makampuni ya utalii mnaosali nasi: kanuni za hifadhi zinasema mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari. Mizani ipo getini. Tafadhalini, kisiongezwe kitu chochote baada ya kupita mizani. Na kijana aliyeumia asiogope kusema, kwa hofu ya kuachwa safari ijayo. Tunaweza kubishana mwaka mzima juu ya sindano na majani, kumbe mzigo ndio unaovunja.

Mwisho

Maandiko Matakatifu yana viungo vingi. Petro alimshika mkono wa kuume yule kiwete mlangoni pa hekalu, na mara nyayo na vifundo vyake vikapata nguvu (Mdo 3:7). Tunaamini kwamba Mungu aliweza, na anaweza. Lakini Yakobo, baada ya kushindana usiku kucha, alipewa baraka na jina jipya huku nyonga yake imeteguka, akalipokea jua la asubuhi akichechemea (Mwa 32). Mungu hakumnyoosha kabla ya kumbariki. Na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania (Ebr 12:12-13) anatutaka tuiimarishe mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, tena tusawazishe njia, ili kilicho kiwete kisiteguke zaidi bali kipone. Anatutaka tuangalie goti, na tuangalie njia linamopita.

Jumanne iliyopita nilikwenda tena kwa kijana yule. Nilichukua jani la isale, kama desturi ya wazee wetu inavyomtaka anayeomba radhi. Jani halina nguvu yoyote ndani yake. Linasema tu kile ambacho ulimi unaona aibu kukisema. Alilipokea, akaliweka juu ya meza. Kisha akanionyesha zoezi lake: alisimama kwa mguu ule mbovu akishika mlango, akahesabu hadi ishirini, jasho likimtoka. Juma lililotangulia alikuwa akifika nane. Bado daktari hajaamua kama atapasuliwa. Aliniuliza kama anaweza kurudi kwenye sindano zake maumivu yakizidi usiku.

Safari hii niliketi kwanza. Nikamwambia: si dhambi, na zinaweza kukutuliza, lakini hazitaunga kano yako. Mwambie daktari unapokwenda, hakikisha sindano ni mpya, usiuze ndama mwingine, na zoezi usiliache. Mama yake akaniletea kikombe cha maziwa, akasema, "Leo Baba Paroko umeliona goti."

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mtakatifu Luka, mwinjili na tabibu, utuombee.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Paroko wenu.